Masaa ya ndege ya kujijengea yanahesabika, ila angalia unasoma mita gani

Mkuu umeuliza kama masaa uliyorusha ndege uliyojijengea mwenyewe yanahesabika ukienda kutafuta leseni ya urubani wa biashara. Yanahesabika kabisa. Kwa sheria za FAA, mamlaka ya usafiri wa anga huku Marekani, cheti cha majaribio (ndo wanachopewa ndege za kujijengea) hakipunguzi chochote, kama una reiting, yaani ruhusa kwenye leseni yako, ya kurusha ndege ya namna hiyo na mikono kwenye usukani ni yako basi andika masaa ya rubani mkuu, yanaingia kwenye yale 250 yanayotakiwa kwa leseni hiyo kama ya ndege nyingine yoyote.

Shida iko kwenye kuhesabu, na mimi mwenyewe nilikosea hapo. Mita yangu ya Hobbs, ile ya kuhesabu masaa ndani ya ndege, inaendeshwa na presha ya oili, injini ikiwaka tu namba zinaanza kutembea. Sasa asubuhi za baridi nilikuwa nawasha, nakaa palepale dakika 12 nasubiri oili ipate joto ndo naondoka, na hizo dakika 12 ni saa 0.2 nikawa naziandika zote kwenye logibuku yangu, daftari la masaa ya rubani. Kumbe muda wa rubani unaanza pale ndege inapojisogeza kwa nguvu yake ili ikaruke, unaisha ikishatua na kusimama. Na zile siku za kuikimbiza kwenye ranwei kupima breki tu bila nia ya kupaa nazo hazimo, hata kama umeshinda humo ndani. Nilirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa nakata na kalamu nyekundu, iliniuma jamani, lakini nataka kila saa iliyomo humo iwe niliiruka kweli.

Logibuku ya ndege yenyewe ni habari nyingine. Kule kwa ajili ya matengenezo wanahesabu tangu magurudumu yaachane na ardhi mpaka yaiguse tena, kwahiyo safari moja kwangu imesoma 1.3 na kwa ndege 1.1 na zote ni sahihi, usihangaike kuzilinganisha.

Kipindi cha majaribio changu, yale masaa ya mwanzo ya kuijaribu ndege mpya, kilikuwa masaa 40 maana injini na propela havikuwa pea yenye cheti cha kutumika pamoja, ingekuwa nayo ni 25. Kipindi hicho rafiki wa kukaa tu pembeni hapandi. Halafu ukimaliza andika kwenye logibuku ya ndege kwamba inatawalika kwenye spidi zake zote za kawaida na haina tabia ya hatari, weka sahihi, bila hayo maneno bado iko kwenye majaribio hata ikifikisha masaa 60.