DSLR ya zamani au kamera ndogo yenye kihisi kikubwa kiasi: jibu kutoka Mwanza kwa aliyetumia zote mbili

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba umepata kamera mbili zilizokwisha kutumika, kwa bei zinazokaribiana: Canon EOS 1100D, ambayo ni DSLR, yaani kamera kubwa yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilishwa, pamoja na lenzi yake ya 18-55 (milimita 18 ikiwa pana, 55 ikivutwa), na Sony RX100 toleo la tatu, kamera ndogo ya mfukoni ambayo lenzi yake haibadilishwi. Umesema unataka kupiga picha za familia, za mwalo wa Kirumba, ufuko wa kushushia samaki ambako mama yako anafanya biashara ya dagaa, na za safari zako za Ukerewe. Mwishoni ukaongeza sentensi ambayo wachangiaji wengi wameiruka, kwamba unanunua mara moja tu na huna mpango wa kununua lenzi nyingine. Kamera hizo mbili nimezitumia zote kwa miaka mingi, kazini na nyumbani, na sentensi yako hiyo ndiyo iliyonifanya niandike jibu refu.

Waliotangulia wamekushauri uchukue 1100D kwa sababu kihisi chake, yaani kile kibapa cha ndani kinachopokea mwanga, ni kikubwa zaidi. Kuhusu ukubwa, wako sahihi. Kihisi cha 1100D kina upana wa kama milimita 22 na kimo cha milimita 14.7, ilhali cha RX100 ni milimita 13.2 kwa 8.8, hivyo cha kwanza kina eneo karibu mara 2.8 ya cha pili. Lakini kihisi hakijichotei mwanga chenyewe. Huletewa na lenzi, na hapo ndipo hesabu inapogeuka. Lenzi ya 18-55 inayokuja na 1100D hufunguka hadi f/3.5 ikiwa pana na hadi f/5.6 tu ukivuta hadi mwisho (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga huingia mwingi). Lenzi iliyojengewa ndani ya RX100 ya tatu hufunguka hadi f/1.8 ikiwa pana na f/2.8 ukivuta. Kwa namba hizo, lenzi ya kamera ndogo humwaga juu ya kila milimita ya kihisi chake mwanga karibu mara nne ya ule wa lenzi ya 1100D. Faida ya mara 2.8 ya ukubwa wa kihisi inamezwa yote na faida ya mara nne ya lenzi. Katikati ya zumu, yaani lenzi ikiwa imevutwa nusu, kamera hizi hukaribiana sana, kwa sababu tundu la lenzi ya Sony hushuka haraka hadi f/2.8 mara unapoanza kuvuta, lakini hakuna mahali ambapo 1100D, ikiwa na lenzi hiyo tu, inamwacha mwenzake mbali gizani. Ukumbuke pia kwamba 1100D ilitoka 2011 na RX100 ya tatu ikatoka 2014, na kihisi cha hii ya pili ni cha kizazi kipya zaidi.

Sikuyaamini hayo kwa hesabu. Niliyaamini mwaloni Kirumba, alfajiri moja kabla ya saa kumi na mbili, mitumbwi ya dagaa ilipokuwa inarudi na taa zake bado zinawaka. Nilisimama mahali pamoja na kamera zote mbili shingoni, nikaelekeza kwa kijana mmoja aliyekuwa ameinama akichota dagaa kwa ndoo kutoka tumboni mwa mtumbwi, taa ikimmulika upande mmoja wa uso. Kwa 1100D, lenzi ikiwa wazi kabisa kwenye f/3.5 na kasi ya shata, yaani muda ambao mlango wa mwanga hukaa wazi, ikiwa sekunde 1/30, ilinibidi nipandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ambao ukipanda huleta chengachenga, hadi 3200. Kwa ile ndogo, kwa kasi ileile na f/1.8, ISO 800 ilitosha. Nilizichapisha picha hizo mbili kwenye karatasi ya A4 na kuzilaza mezani nyumbani. Chengachenga za gizani zilikuwa zinalingana kwenye zote mbili, ila kwenye picha ya kamera ndogo magamba ya dagaa yaliyonata kwenye mkono wa yule kijana yalihesabika moja moja, na kwenye ile nyingine yalikuwa yameshikamana na kuwa mng'ao mmoja. Zingatia kwamba megapikseli 12 za 1100D zinatosha kabisa kwa A4, ambayo haihitaji hata 9. Tofauti niliyoiona ilitokana zaidi na ukali wa lenzi kuliko wingi wa megapikseli.

Sasa nikueleze upande wa pili, kwa sababu sitaki uondoke hapa ukidhani naidharau 1100D. Kamera hiyo ndiyo iliyonilisha. Siku niliponunua lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ni lenzi ya bei nafuu kuliko karibu zote za Canon, niliona kamera ileile imekuwa kamera nyingine. Ukilinganisha f/1.8 na f/5.6 ya lenzi ya 18-55 ikiwa imevutwa hadi usawa huo, mwanga unaoingia unaongezeka karibu mara kumi. Hakuna kamera ya mfukoni ya aina hii inayoweza kuufikia mwanga huo. Kwenye ukumbi wa send-off huko Nyakato, wakati bibi harusi mtarajiwa anapiga magoti kumlisha baba yake keki na taa za ukumbi zimegeuzwa kuwa za zambarau, lenzi ile ilinipa uso wa mzee ukiwa mkali, machozi yakiwa yamesimama kwenye kope, na umati wote nyuma yake ukiwa ukungu laini. Ile ndogo haiwezi kuzalisha ukungu wa namna hiyo kwa mtu aliyesimama hatua nne mbele yako. Itakupa ukungu kidogo ukiwa umemsogelea sana, basi. Tena RX100 ya tatu haina mahali pa kuchomeka flashi ya nje. Ina flashi yake ndogo inayochomoza juu, lakini huwezi kuipachika flashi kubwa na kuielekeza darini kama wafanyavyo wapiga picha wa sherehe, na kwa mwenye nia ya kupokea kazi za ukumbini jambo hilo peke yake linatosha kumaliza mjadala.

Kwa hiyo ungekuwa umeandika kwamba unataka kuanza biashara ya picha za sherehe, ningekuambia uchukue 1100D leo na uweke akiba kwa ajili ya 50mm, bila kusita. Lakini hukuandika hivyo. Umeandika familia, mwalo na safari, na umeandika kwamba hutanunua lenzi nyingine. DSLR ambayo haitabadilishwa lenzi ni mzigo wa gramu kama 700 unaobebwa kwa ajili ya uwezo usiotumika. Kwa matumizi uliyoyataja, ushauri wangu ni RX100.

Uzito si jambo dogo kama wengi wanavyodhani. RX100 ya tatu ina gramu 290 pamoja na betri na kadi, na huingia kwenye mfuko wa suruali. Miaka niliyokuwa na 1100D pekee, picha zangu nyingi ni za siku za kazi, kwa sababu siku nyingine kamera ilibaki kabatini. Tangu nilipopata ndogo, nina picha za wanangu wakirusha mawe majini pale Kamanga tukisubiri kivuko, za mvua ikija juu ya ziwa kama ukuta wa kijivu, za mama yangu akichambua mchele asubuhi bila kujua kwamba nimesimama mlangoni. Hilo la mwisho linatokana pia na ukimya. Shata ya kamera hii haisikiki hata kanisani, ilhali kioo cha 1100D kinapopiga, watu wa benchi la mbele hugeuka.

Mwaloni utaiona tofauti hiyo waziwazi. Nilipokuwa nikiinua 1100D, wavuvi waligeuza nyuso na kuniuliza ninatoka gazeti gani, na mara mbili niliombwa nieleze kwa nini napiga picha. Nilipokwenda na ile ndogo, nilimsalimu mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa, nikamwomba ruhusa. Aliitikia marahaba, akaitazama kamera mkononi mwangu, akasema, "Mwanangu, hako kadogo nako kanapiga picha? Haya, piga, lakini usinisimamishe, jua linapanda." Akaendelea na kazi yake, na nikapata picha ya mikono yake ikitandaza dagaa, picha ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kupiga. Ruhusa omba kila mara, hata kama kamera ni ndogo. Udogo wake usiwe kisingizio cha kuwaibia watu sura zao.

Kuna jambo jingine la ziwani. Ndani ya lenzi ya RX100 ya tatu kumefichwa kichujio cha kupunguza mwanga hadi moja ya nane, ambacho unakiwasha kwenye menyu. Jua likishazama nyuma ya ziwa, majira ya saa moja kasoro, weka kamera juu ya jiwe karibu na lile Jiwe la Bismarck, funga lenzi hadi f/11, washa kichujio, na tumia kipima muda ili usiitikise kwa kidole. Shata ikikaa wazi sekunde moja au mbili, mawimbi yanalainika na kuwa kama maziwa yaliyomwagika, na jiwe linabaki limesimama imara katikati. Kwa 1100D utalazimika kununua kichujio cha kufunga mbele ya lenzi.

Kasoro zake nazo uzijue kabla ya kutoa fedha. Betri ni ndogo. Kiwanda hutaja picha 320 kwa chaji moja dhidi ya kama 700 za 1100D, na kwa matumizi yangu, hasa nikipiga na video, sijawahi kumaliza siku nzima ya safari bila betri ya pili. Nafuu yake ni kwamba huchajiwa kwa waya wa kawaida wa USB, hivyo kwenye meli ya kwenda Nansio, Ukerewe, naichomeka kwenye pawabenki na kuendelea kuzungumza na watu. Fokasi yake gizani husita, ikienda mbele na kurudi nyuma, na watoto wanaokimbia huikimbia pia. 1100D, kwa kutumia alama ya katikati na kuchungulia tunduni, huwakamata kwa urahisi zaidi. Juani, skrini haisomeki vizuri. Kuna kitundu cha kuchungulia kinachochomoza pembeni, lakini hakifanyi kazi mpaka ukivute pia kwa kidole kuelekea jichoni, na ukikisukuma kirudi ndani kamera inazimika. Nimepoteza picha ya ndege mwari akitua juu ya jahazi kwa sababu ya hatua hizo mbili.

Vumbi, hata hivyo, ndilo adui mkubwa, na hapo ndipo nilipoumia. Lenzi ya kamera hii hutoka na kurudi ndani kila unapoiwasha na kuizima, na kila inapotembea huvuta hewa. Niliitumia msimu mzima kwenye mchanga wa kuanikia dagaa bila kuijali, nikiiweka mfukoni bila kifuko, na siku moja nikaona madoa matatu ya kijivu angani kwenye kila picha. Vumbi lilikuwa limefika kwenye kihisi. Fundi niliyempelekea alilazimika kuifungua yote, na gharama yake ilikaribia nusu ya bei niliyoinunulia. Kwenye 1100D, ambayo haina mtambo wa kujisafisha kihisi, vumbi huingia pia unapobadilisha lenzi, lakini pale unaagiza kamera iinue kioo kwenye menyu, unaielekeza chini na kupuliza kwa kipulizio cha mpira, na kazi imekwisha. Kwa hiyo ukinunua ndogo, nunua na kifuko kinachofungwa kwa zipu siku hiyohiyo, na wale wadudu wa ziwani wanapotanda kama moshi jioni, usiiwashe nje kabisa.

Utakapokwenda kuziona, nenda mchana. Kwenye 1100D soma maandishi yaliyo kwenye lenzi: ikiwa hakuna herufi IS, hiyo ni ile 18-55 isiyotuliza mtikisiko, na thamani yake ishuke. Kwenye RX100 iwashe na kuizima mara kumi huku umeisogeza karibu na sikio. Lenzi itoke bila kukwaruza, kwa maana lenzi ikikwama huna la kubadilisha, kamera yote imekufa. Kisha kwa kila moja weka f/11, vuruga fokasi kidogo, piga picha ya anga tupu na uikuze kwenye skrini ukitafuta madoa ya kijivu. Ukiyaona kwenye 1100D, mwombe muuzaji akupunguzie kidogo, halafu ukayapulize nyumbani. Ukiyaona kwenye RX100, mrudishie na usubiri nyingine.