Kabla hujalipa amana, isome barua ya benki hadi mwaka wa nne

Mkuu, usilipe hiyo amana. Umeandika kwamba umepata nafasi ya kusoma udaktari nje ya nchi kwa njia ya wale ambao tayari wana shahada, kozi ya miaka minne, na kwamba chuo kinataka amana ya kushikilia nafasi ifikapo Ijumaa. Kisha ukauliza kama uchague riba inayobadilika au isiyobadilika, na kama ni afadhali kukopa nyumbani au katika nchi ya chuo. Habari ya riba inaweza kusubiri. Kwanza kuna sentensi yako moja ambayo nimeisoma mara tatu: "Benki wamepitisha mwaka wa kwanza, na wakala amenihakikishia kuwa miaka inayofuata ni utaratibu tu." Sentensi hiyo niliwahi kuitamka mwenyewe, karibu neno kwa neno, na mpaka leo ninailipia kila mwisho wa mwezi.

Barua yangu ilikuwa ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na nembo, muhuri na jumla ya ada ya miaka yote minne, iliyoandikwa kwa wino mzito ili hata mtu mwenye haraka aione, nami nilikuwa na haraka. Aya ya saba, upande wa nyuma, ilieleza kwamba kiasi hicho ni kikomo, kwamba fedha za mwaka wa kwanza zitapelekwa moja kwa moja chuoni, na kwamba malipo ya kila mwaka unaofuata yatafanyika kwa hiari ya benki baada ya hali ya mkopaji na ya mdhamini kupitiwa upya. Miezi michache baadaye nilikuwa nimekariri mifupa yote 206 ya mtu mzima, pamoja na vile vijifupa vya sikioni ambavyo ni vigumu hata kuviona, lakini maneno manne, "kwa hiari ya benki", yalinipita kama upepo.

Mdhamini wangu alikuwa mjomba, mtu mwenye mshahara mzuri na moyo mzuri zaidi. Nikiwa mwaka wa pili, alistaafu. Mimi nilimpigia simu kumpongeza. Benki nayo ilimpigia kumwomba uthibitisho wa kipato. Kwa hesabu zao, pensheni yake haikutosha kubeba udhamini wa deni la ukubwa ule, na siku ile ile niliyomaliza mtihani wa mwisho wa vitendo nikapokea barua pepe ya aya mbili iliyonitakia kila la heri katika masomo ambayo benki haitayagharamia tena. Niliisoma nikiwa nimesimama koridoni, nimevaa koti jeupe, shingoni nina stetoskopu ambayo nayo ilinunuliwa kwa mkopo huo huo. Kama kuna aliyeniona, bila shaka alidhani ninatafakari hali ya mgonjwa, na kwa kweli hakukosea sana.

Ndipo nilipotambua kwamba kutafuta fedha katikati ya kozi ni kazi tofauti kabisa na kuzitafuta mwanzoni. Benki nyingine zilikuwa tayari kunisikiliza mpaka zilipoona kwamba nina deni kubwa, sina kipato na sina shahada ya udaktari. Rafiki aliyekuwa akisoma Marekani alikuwa amekwisha kukutana na ukuta wake: mikopo ya serikali ya kule haitolewi kwa mgeni mwenye viza ya mwanafunzi, na wakopeshaji binafsi kwa kawaida humtaka awe na mwenye kusaini naye ambaye ni raia au mkazi wa kudumu. Na yeyote atakayekwambia utajazia pengo kwa vibarua, mwulize kama amewahi kumwona mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu akitoka zamu ya usiku wodini. Uingereza, kwa mfano, viza ya mwanafunzi wa ngazi hiyo huruhusu kazi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na vyuo vingi vya kule humtoza mwanafunzi wa kigeni ada kubwa zaidi katika miaka ya hospitalini kuliko ile ya darasani. Maana yake ni kwamba pengo hupanuka wakati ule ule ambao muda wa kulijaza unapungua.

Nikaomba kusimamisha masomo kwa mwaka mmoja. Hapo ndipo aya nyingine, ya tisa, ilipoamka: marejesho yalitakiwa kuanza miezi sita baada ya mkopaji "kutokuwa mwanafunzi aliyesajiliwa", na kusimamisha masomo kulihesabiwa hivyo. Tuseme umekopa 40,000 mwanzoni mwa kila mwaka, kwa sarafu yoyote uitakayo, kwa riba ya asilimia 9 inayojumlishwa kila mwaka. Mwisho wa mwaka wa pili, ile 80,000 uliyokopa imekuwa 91,124, na mwaka mmoja wa kukaa nyumbani bila kurejesha chochote unaongeza 8,201 nyingine bila wewe kufungua hata ukurasa mmoja wa kitabu. Mimi sikuwa na cha kurejesha, kwa hiyo aliyerejesha ni mjomba, kwa kiinua mgongo chake. Nilikuja kumaliza kozi, lakini kuhusu mjomba sina utani wa kuweka hapa.

Sasa nimtaje wakala, ingawa si kwa jina. Huduma yake ilikuwa ya bure, na mimi, mtu mwenye shahada ya kwanza ya sayansi, sikujiuliza nani anamlipa. Analipwa na chuo, kamisheni, mwanafunzi akishasajiliwa. Kwake safari yangu ilimalizika siku niliyoingia darasani. Nilipompigia mwaka wa tatu, alinishauri nizungumze na benki. Ofisa mikopo naye alinishauri nizungumze na chuo, na chuo kikanitumia kiunganishi cha ukurasa wa ushauri nasaha. Hata ubalozi hautakuokoa: kwa viza ya Uingereza huonyesha ada ya mwaka wa kwanza na fedha za kujikimu za miezi isiyozidi tisa, na kwa Australia ada ya mwaka wa kwanza na matumizi ya miezi kumi na miwili. Kila anayekukagua anaukagua mwaka wa kwanza. Baadhi ya vyuo vya udaktari Marekani humtaka mwanafunzi wa kigeni aweke ada ya mwaka mmoja mpaka yote minne katika akaunti maalumu kabla ya kuanza. Zamani niliona huo ni ukatili, siku hizi naona ni watu pekee waliojaribu kuuliza swali lenyewe.

Kwa hiyo sharti langu ni hili, na silegezi: usilipe amana mpaka ushike karatasi ambayo benki imejifunga kulipa mwaka wa nne, kwa kiasi kilichotajwa, pamoja na orodha kamili ya mambo yanayoweza kuizuia. Iseme itakuwaje mdhamini akistaafu au akifariki, ukirudia mwaka, ukisimamisha masomo kwa ugonjwa, au chuo kikipandisha ada. Benki ikikataa kujifunga, uliza kama itakubali mali kuwa dhamana, kwa kuwa kiwanja hakistaafu, au wadhamini wawili ambao umri wao wa kustaafu uko mbali na siku yako ya kuhitimu. Ikikataa na hayo, kiandikie chuo ukiomba nafasi iahirishwe hadi mwaka ujao. Vipo vinavyokubali, na kukataliwa ombi hakuna gharama.

Una siku nne. Leo mwandikie ofisa mikopo sentensi moja tu: "Naomba kuthibitishiwa kwa maandishi kama benki inawajibika kulipa ada ya mwaka wa pili, wa tatu na wa nne, na ni katika hali zipi haitawajibika." Akikupigia simu kukujibu, mshukuru, kisha mwombe aandike hayo hayo aliyoyasema.