Wasomaji Wanauliza: Siku ya Ibada na Siku ya Kazi

SWALI: Mhariri, salaam. Nina karakana ya kushona sare za shule Ilala, Dar es Salaam, na mafundi wangu ni wa dini mbalimbali. Mkataji wangu hodari kuliko wote ni Msabato, hafanyi kazi Jumamosi. Washonaji kadhaa ni Waislamu, na kila Ijumaa mchana huaga kwenda kuswali. Waliobaki wananung'unika kwamba wenzao wanapendelewa, na msimu wa Desemba, ambao oda za Januari hutulazimu kufanya kazi siku sita mfululizo, unakaribia. Wafanyabiashara wenzangu wananishauri niajiri watu wa dini moja tu ili nipumzike. Wewe unasemaje?
Mwenye karakana, Ilala

JIBU: Ndugu yangu, nianze na ushauri wa wenzako, kwa kuwa huo ndio unaoweza kukuingiza matatani. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi wa kidini katika ajira, na kinga hiyo inamhusu hata mtu anayeomba kazi ambaye bado hujampa mkataba. Hata sheria isingekuwepo, ningekusihi usiufuate ushauri huo. Mafundi wako wanaishi katika mji ambao Mwislamu na Mkristo hupanga nyumba moja, huchangiana harusi na huzikana. Sioni kwa nini wafundishwe na mwajiri wao kwamba hawawezi kukaa kwenye vyerehani vilivyopangwa safu moja.

Manung'uniko ya waliobaki ni jambo zito na usiyapuuze. Ninavyoisoma barua yako, kinachowaudhi ni ruhusa zinazoombwa na kutolewa mtu mmoja mmoja, leo huyu na kesho yule, bila wengine kujua masharti yake. Fundi anayemwona mwenzake akiondoka huku cherehani yake imesimama atadhani kwamba kazi imeongezwa juu ya mgongo wake, na pengine ni kweli imeongezwa. Kwa hiyo panga ratiba mbele ya wote, uiandike, na uibandike ukutani.

Sasa tufanye hesabu. Sheria inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, katika siku zisizozidi 6. Fundi anayefanya kazi siku sita kwa saa saba na nusu anatimiza 45. Mkataji wako, akifanya kazi siku tano kwa saa tisa, anatimiza 45 zilezile. Akiingia saa moja asubuhi na kupumzika kwa muda wa saa moja mchana, atatoka saa kumi na moja jioni, na hilo ni muhimu sana siku ya Ijumaa, kwa sababu Sabato yake huanza jua linapotua Ijumaa na kumalizika jua linapotua Jumamosi. Waajiri wengi humpa Msabato Jumamosi kisha wakampangia zamu ya Ijumaa usiku, wakashangaa anapokataa. Hesabu hii uifanye hadharani, mafundi wote wakiiona, na neno la upendeleo litakosa pa kusimama.

Sheria inataka kila mfanyakazi apate walau saa 24 za mapumziko kwa wiki. Yeye andika kwenye mkataba wake kwamba siku yake ni Jumamosi, na wengine Jumapili au siku mtakayokubaliana. Usiliache jambo hili kwa mdomo tu, kwa sababu kazi ya siku ya mapumziko hulipwa mara mbili ya mshahara wa msingi wa saa, na siku isipotajwa mtakuja kugombania malipo. Kwa upande wa kazi yenyewe, shida ya mkataji ni kwamba asipokata, washonaji wanakaa bure. Mwambie Jumatano na Alhamisi akate vitambaa vya kutosha hadi Jumamosi, na Jumamosi hiyo iwe ya kushona, kutia vifungo na kupiga pasi.

Ijumaa ni rahisi zaidi kuliko unavyodhani. Swala ya adhuhuri ya siku nyingine mtu anaweza kuiswali kazini, kwenye kona safi, wakati wowote kabla ya alasiri. Swala ya Ijumaa huswaliwa kwa jamaa, yaani kwa pamoja msikitini, na khutba ni sehemu yake, ndiyo maana wanalazimika kutoka. Mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya mapumziko yasiyopungua dakika 60, basi Ijumaa yasogeze mapumziko ya karakana nzima yawe kuanzia saa sita na robo hadi saa saba na nusu. Anayeswali ataswali, asiyeswali atakula na kupumzika, na cherehani zote zitanyamaza na kuanza pamoja. Wala usihofu kwamba hawatarudi: sura ya 62 ya Kurani, inayowaamuru waumini waache biashara wanaposikia wito wa Ijumaa, inawaambia katika aya inayofuata kwamba swala ikimalizika watawanyike katika ardhi na kutafuta fadhila za Mwenyezi Mungu. Ukiwakumbusha hivyo kwa heshima, hakuna atakayechukia.

Desemba ndiyo itakayokupima. Saa za ziada zinahitaji makubaliano na mfanyakazi, hazipaswi kuzidi 50 katika kipindi cha wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu. Keti na mafundi Novemba, uwaonyeshe oda, kila mmoja achague siku atakazoongeza. Msabato anaweza kuongeza Jumapili, na Mkristo mwingine akaongeza Jumamosi ili Krismasi awe nyumbani kwao. Mkataji wako naye asiachiwe kila mara kazi nyepesi kwa kisingizio cha imani yake. Achukue sehemu yake kamili ya uzito wa msimu.

SWALI: Nafanya kazi katika duka la jumla Nakuru. Kila Jumatatu meneja hutukusanya kwa maombi kabla ya kufungua. Mimi ni Mwislamu. Nilipoanza kusubiri nje, nilibadilishiwa zamu nikawa napangiwa zile ambazo hakuna anayezitaka. Je, nivumilie?
Mfanyakazi, Nakuru

JIBU: Dada yangu, kuomba kabla ya kazi ni desturi iliyokolea kwetu, na sherehe za kitaifa nchini Kenya huanza kwa viongozi wa Kikristo, wa Kiislamu na wa Kihindu kuomba kwa zamu. Meneja wako pengine anaamini kwamba anawatakia mema. Hata hivyo, kukuadhibu kwa kutoshiriki ni kosa, na silioni kuwa ni dogo. Ibara ya 32 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba mtu hatalazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa kidini kazini.

Zungumza naye kwanza, faraghani, bila kuyashutumu maombi yenyewe. Mwombe mambo mawili tu: kuhudhuria kuwe kwa hiari, na zamu zirudi kwenye mzunguko wa kawaida. Kabla ya hapo, nakili ratiba za zamu za kabla na za baada ya wewe kuanza kusubiri nje, zenye tarehe, kwa maana kulinganisha hizo mbili ndiko kutakakomwonyesha yeye, au afisa wa kazi akishindwa kuona, kwamba mabadiliko hayo hayakutokea kwa bahati. Wenzako wanaoshiriki maombi hayo waeleze pia. Huenda wako wanaokubaliana nawe na hawajapata wa kuanza kusema.