Kabla Hujaacha Uandishi wa Habari Ukafundishe

Waandishi niliofanya nao kazi hunitafuta mara kwa mara wakiuliza kama nao wanaweza kuhamia ualimu. Huwa nawarudishia swali: unakimbia chumba cha habari, au unalifuata darasa? Kuchoshwa na zamu za usiku na mhariri asiyeridhika ni sababu halali ya kuondoka, ila si sababu ya kufundisha. Darasa lina uchovu wake, na wanafunzi huwahi kumtambua mtu aliyekuja kujificha kwao.

Takwimu zinashawishi, nakubali. Nchini Marekani, kwa mujibu wa kituo cha utafiti cha Pew Research Center, ajira katika vyumba vya habari vya magazeti zilipungua kwa asilimia 57 kati ya 2008 na 2020. Upande wa pili, UNESCO inakadiria kwamba ifikapo 2030 dunia itahitaji walimu wa ziada milioni 44 wa msingi na sekondari. Lakini upungufu huo haumaanishi kila anayejua kueleza jambo tayari ni mwalimu. Mwandishi Lucy Kellaway aliandikia gazeti la Uingereza la Financial Times kwa zaidi ya miaka 30, na alipoondoka mwaka 2017 kwenda kufundisha hisabati London, alipitia mafunzo ya ualimu kwanza. Nawe utapitia. Weka akiba, maana kipindi cha mafunzo kipato hupungua.

Kitakachokusumbua zaidi ni kurudia. Katika habari, jambo likishaandikwa limekwisha; kuliandika tena kesho ni aibu. Darasani, kilichoeleweka Jumatatu kinaweza kuwa kimefutika Alhamisi. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 jinsi tunavyosahau upesi tulichokariri, na namna kurudia kwa vipindi kunavyosaidia. Kwa hiyo utafundisha mada ileile mara ya pili, na ya tatu kwa mfano mwingine, bila kuonyesha kuchoka. Mimi nimeipenda sehemu hii kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ripota hapati nafasi ya kujua kama msomaji alielewa.

Silaha yako kubwa ni ile uliyojifunza kwenye mahojiano: kunyamaza. Unajua kwamba mtu akimaliza kujibu, ukikaa kimya kidogo, mara nyingi ataongeza lile la maana. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe alipima kimya cha walimu baada ya swali, akakuta kwa kawaida hakizidi sekunde moja hivi. Walipongoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka na wasiozoea kusema wakaanza kusema. Uliza kwa nini maji ya bahari yana chumvi na ya mto hayana, kisha funga mdomo. Mikono ya haraka itanyooka. Usiitazame bado. Mpe muda yule wa nyuma anayefikiri taratibu. Mara nyingi ndiye mwenye jibu linalofungua mjadala wa kipindi kizima.

Swali la kudadisi nalo lilainishe. "Umejuaje?" ni swali zuri kwa waziri na kwa mtoto pia, ila mtoto aliyekosea hafichi kitu, wala hahojiwi ili anaswe. Muulize kwa sauti ya mtu anayetaka kujua alivyofikiri.

Kuna jambo moja nalisisitiza kuliko yote. Wanafunzi watakusimulia mambo mazito ya nyumbani, na mwandishi aliye ndani yako ataisikia habari. Usiiandike, hata kwa kubadili majina. Ikiwa mtoto yuko hatarini, mpelekee taarifa anayehusika na ulinzi wa watoto shuleni. Usiipeleke kwa marafiki wala mitandaoni.

Jina lako halitachapishwa tena juu ya kazi yako, na kwa wengine hilo ndilo gumu kuliko mshahara. Jipime mapema. Kabla ya barua ya kuacha kazi, chukua likizo yako yote, uombe shule ikuruhusu kufundisha darasa moja, mada moja, chini ya mwalimu wao. Andaa andalio la somo, fundisha, kusanya madaftari, sahihisha mwenyewe. Ukikuta nusu ya darasa haijaelewa na kichwa kikaanza papo hapo kutafuta mfano mwingine wa kesho, nenda kaulizie chuo kinapokea maombi lini.