Makala yangu imerudi baada ya siku nne

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeandika makala kuhusu wakata kuni na mikoko ya hapa Tanga, nikaituma kwenye jarida la kitaaluma la kemia ya udongo. Siku ya nne mhariri akanijibu hawaichapishi, hata kwa wahakiki, wale wataalamu wanaoipima makala, haikufika. Nimedharauliwa? — Msomaji, Chumbageni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujadharauliwa. Mhariri ndiye mlango wa kwanza: husoma kichwa na ikisiri, yaani muhtasari wa makala, akajiuliza kama makala ni ya jarida lake. Wakata kuni na kemia ya udongo wapi na wapi? Hapo ndipo ulipojikwaa.

Ingepita, ingepelekwa kwa wahakiki, aghalabu wawili au watatu, ambao kwa kawaida hawalipwi. Ndiyo maana majibu huchukua miezi. Yapo majarida yanayoficha majina ya pande zote mbili, mwandishi na wahakiki. Huko futa jina lako hata kwenye taarifa za faili, wengi husahau. Wahakiki hushauri tu, mwamuzi ni mhariri.

Makala yangu ya kwanza ilirudi na hoja 31 za wahakiki. Niliiweka chini ya godoro wiki nzima, roho inauma. Kisha nikachora jedwali: hoja kushoto, kulia jibu langu na ukurasa niliorekebisha. Hoja moja niliikataa, nikaeleza kwa nini. Ikachapishwa.

Tafuta jarida la misitu au la jamii za pwani, usome kwanza matoleo yake mawili. Usitume kwa majarida mawili kwa mpigo. Hilo ni kosa la kimaadili. Na akitokea mtu kukuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu ukimlipa, mkimbie.