Ng'ombe wa maziwa na siku ya ibada

SWALI: Siku ya ibada tungependa familia nzima tuende pamoja, lakini kila mara mmoja wetu hubaki kumkamua ng'ombe. Je, tunaweza kuruka zamu ya asubuhi?

JIBU: Hapana, msiruke. Kiwele kikijaa kupita kiasi huuma, maziwa hupungua, na vijidudu vilivyoingia kwenye chuchu hupata nafasi ya kuzaliana. Hapo ugonjwa wa kiwele huanza. Kumhudumia mnyama anayewategemea hakuivunjii siku hiyo heshima. Kwetu hiyo ni huruma.

Sogezeni saa badala yake. Kama kawaida mnakamua saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, siku hiyo kamueni saa 11 alfajiri. Pengo la saa 13 hadi jioni halimdhuru ng'ombe mwenye afya. Ila haraka isiwafanye mwache usafi: osheni chuchu, zikausheni kwa kitambaa safi, kisha matone ya kwanza yakamulieni kwenye kikombe cheusi. Mkiona mabonge au damu, maziwa hayo si ya kunywa, na mwiteni daktari wa mifugo.

Majani kateni jioni ya kuamkia ibada na myatandaze kivulini. Yakirundikwa mabichi hupata joto na kuvunda.

Maji ndiyo husahaulika. Ng'ombe anayekamuliwa anaweza kunywa lita 60 au zaidi kwa siku, kwa hiyo jazeni chombo kizito asichoweza kukipindua. Watoto wanaweza kulisimamia hilo.