Wasomaji Wauliza: Mbona FOXP3 Haionekani?

SWALI: Habari za kazi. Maabara yetu iko Upanga, napima seli T dhibiti (seli zinazotuliza kinga ya mwili) kwenye damu ya watu wazima, kwa mashine inayosoma rangi za seli moja moja. Alama za CD4 na CD25 zinaonekana vizuri, lakini FOXP3, protini inayozitambulisha seli hizo, imelala chini kabisa, hata nikiongeza maradufu kingamwili yenye rangi inayoishika. Nimeuziwa feki?
– Mtafiti, Dar es Salaam

JIBU: Kabla ya kumshuku muuzaji, soma jina la kloni, yaani aina mahususi ya kingamwili, kwenye kichupa. FJK-16s ni ya panya. Kwa binadamu haifai. Unahitaji PCH101, 236A/E7, 259D au 206D. Watu huagiza kwa kuangalia neno FOXP3 tu, kloni hawaitazami.

Kama kloni ni sahihi, basi hujafungua kiini. CD4 na CD25 zimekaa juu ya utando wa seli, FOXP3 iko ndani ya kiini kwa sababu kazi yake ni kushika DNA na kuongoza jeni. Bafa (kimiminika cha kuandalia seli) ya kupimia saitokini, protini ambazo seli za kinga hutumia kuwasiliana, hutoboa utando wa nje, kiini hukiacha kimefungwa. Nunua seti maalumu ya protini za kiini.

Weka seli milioni 1 kwa kila tyubu. Anza na rangi ya kutambua seli zilizokufa, ile inayostahimili kemikali za kukaza seli zibaki zilivyo, kisha kingamwili za CD3, CD4, CD25 na CD127 ndani ya mikrolita 100, dakika 30, nyuzi 4, gizani. Osha. Sasa gongagonga tyubu mpaka seli zitawanyike, ndipo umimine mililita 1 ya bafa ya kukaza na kufungua. Ukiimimina juu ya donge, seli zitagandana na hazitaachana tena. Subiri dakika 30 hadi 60, osha mara mbili kwa mililita 2 za bafa ya kufungua iliyozimuliwa, halafu weka kingamwili ya FOXP3 ndani ya bafa hiyohiyo kwa dakika 30 nyingine. Hapa ndipo wengi hurukia PBS, maji ya chumvi ya kuoshea. Matundu ya saponini, kemikali ya kutoboa seli iliyomo kwenye bafa, hujifunga na kingamwili hubaki nje.

Seli zikishakazwa huwa nyepesi. Zizungushe kwenye sentrifuji kwa 600 hadi 800 g, la sivyo utazimwaga pamoja na maji ya kuoshea.

Kuongeza kingamwili maradufu kunaongeza ukungu tu, yaani rangi inayoshika ovyo. Jaribu mikrolita 5, 2.5, 1.25 na 0.6 kwa idadi ileile ya seli, uchague penye pengo kubwa kati ya seli chanya na hasi. Andaa pia tyubu yenye rangi zote isipokuwa ya FOXP3. Hiyo ndiyo itakuonyesha pa kuchora mpaka kati ya chanya na hasi.

Kwa mtu mzima mwenye afya tarajia kama asilimia 5 hadi 10 ya seli za CD4, zenye CD25 nyingi na CD127 kidogo. Ukipata 40, uliza kama seli zilichochewa kwanza: seli T za kawaida za binadamu nazo huwasha FOXP3 kwa muda zikiamshwa. Anayetaka uhakika apime methili (alama za kemikali kwenye DNA) katika TSDR, eneo la jeni ya FOXP3 linalotofautisha seli dhibiti halisi.

SWALI: Umeme ulikatika usiku kucha na friji likapata joto. Nihamishie kingamwili kwenye friza?
– Msomaji, Kinondoni

JIBU: Hapana! Zenye rangi za PE au APC huharibika zikiganda. Mahali pake ni nyuzi 2 hadi 8. Joto la usiku mmoja kwa kawaida haliui kingamwili yenyewe. Zinazoumia kwanza ni rangi za kuunganishwa kama PE-Cy7: muungano ukivunjika, mwanga huvuja kwenye chaneli ya PE (sehemu ya mashine inayosoma rangi hiyo), nawe utadhani umepata seli chanya. Pima kichupa kilichopata joto sambamba na kipya, kwa damu ileile, kabla ya kugusa sampuli za utafiti. Tena, maelekezo yakisema joto la chumba, yanakusudia nyuzi 20 hadi 25. Februari ya Dar bila kiyoyozi haimo.